Niombe kwanza au nisambaze tu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu machapisho ya watu wengine

Akaunti yake iko wazi na kila mtu anaona. Sasa ruhusa ya nini?

Aliyeposti wazi ameridhia watu wasome pale pale alipoweka, chini ya jina lake, wakiona na maelezo mengine aliyoyaandika kabla na baada. Amebaki pia na uwezo wa kurekebisha, kuficha au kufuta akibadili mawazo. Uwezo huo ndio kiini cha suala lote. Kabla hujasambaza chochote jiulize: mwenyewe akikifuta kesho, na kwangu kitafutika? Kikifutika, mara nyingi huna haja ya kuomba. Kisipofutika, umekiondoa mkononi mwake, na hapo ruhusa inahitajika.

Swali hilo halimalizi kila kitu, lakini linamaliza mengi kuliko watu wanavyodhani.

Hata nikibonyeza kitufe cha kusambaza tu?

Kwa kawaida hapana. Kitufe cha mtandao wenyewe hakitoi nakala. Kinaonyesha chapisho lile lile, jina la mwenyewe likiwa juu, na akilifuta linatoweka kwa wote waliolisambaza. Mara nyingi hupata na taarifa kwamba umelisambaza. Asiyetaka ana njia za kuzuia: Instagram ukimtumia mtu chapisho la akaunti ya faragha, asiyemfuata mwenye akaunti halioni, TikTok mtu anaweza kuwazuia wengine wasitumie video yake kutengenezea za kwao. Aliyeacha kitufe kinafanya kazi amekwisha kukujibu.

Ubaya wa kitufe ni wepesi wake. Twitter, ambayo siku hizi ni X, ilileta cha kwake Novemba 2009. Kabla ya hapo watu walinakili maneno wenyewe, wakatanguliza herufi RT na jina la aliyeandika, na kazi ile ndogo iliwalazimu angalau kusoma wanachokisambaza. Chris Wetherell, mhandisi aliyeongoza utengenezaji wa kitufe hicho, alieleza hadharani mwaka 2019 majuto yake juu ya kilivyokuja kutumika. Katikati ya 2020 mtandao huo huo ulianza kujaribu kuwauliza watumiaji kama wasingependa kuisoma makala kwanza kabla ya kuisambaza.

Kuna hali moja ambapo ningeomba hata kama kitufe kipo. Mtu ana wafuasi wachache, ndugu na marafiki, ameandika juu ya ndoa yake kuvunjika au ugonjwa wake. Wewe una wafuasi maelfu. Ukibonyeza, unamletea umati ambao hakuwa akizungumza nao, na kati yao hawakosi wa kutukana. Kanuni za mtandao hujazivunja, lakini mtu umemwumiza. Mwandikie kwanza.

Skrinshoti ina tatizo gani? Si ni kitu kile kile?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea bila kujua. Skrinshoti haifutiki mwenyewe anapofuta. Haibadiliki anapokiri kwamba alikosea na kuandika masahihisho. Hampi taarifa. Anayeiona hawezi kubonyeza akasoma sentensi iliyotangulia, wala mzaha uliokuwa ukijibiwa. Isitoshe ni rahisi kughushiwa, kwa hiyo hata ukisambaza ya kweli unawazoesha watu kuamini aina ya ushahidi ambayo yeyote mwenye simu anaweza kuitengeneza.

Kuna na wasomaji tunaowasahau. Mtu asiyeona hutumia programu inayomsomea kilichomo kwenye skrini, na maandishi yaliyogeuzwa picha mara nyingi humpita, au humfikia nusunusu. Ukilazimika kuweka skrinshoti, andika maneno yaliyomo kwenye sehemu ya maelezo ya picha.

Na kulazimika kupo: chapisho linaelekea kufutwa na lina umuhimu kwa umma, au mtandao ulikotoka haufunguki bila akaunti. Basi kata yasiyohusika, ficha majina na picha za waliokomenti, acha tarehe ionekane, na weka kiungo cha chapisho lenyewe kama bado lipo. Kilichopostiwa kwenye akaunti iliyofungwa au kwa orodha ya marafiki wa karibu hakipigwi skrinshoti ili kupelekwa nje. Yule mtu alikuchagua wewe na wachache wengine.

Nimeandika jina la mwenye picha chini. Haitoshi?

Kutaja jina ni adabu ya lazima, lakini kunajibu swali la nani kafanya. Kama aliridhia ni swali lingine. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliwahi kuamua jambo hili hili. Mwanafunzi mmoja nchini Ujerumani alipakua picha ya mji wa Córdoba kutoka tovuti ya utalii, akaiweka kwenye kazi yake ya darasani na kutaja alikoitoa, na shule ikaipandisha kazi hiyo kwenye tovuti yake. Mpiga picha alikuwa ameiruhusu ile tovuti ya utalii peke yake. Agosti 2018 majaji walisema kuipandisha upya mahali pengine kunahitaji idhini mpya. Walitofautisha pia na kuweka kiungo: kiungo kinaelekea picha ilipo, kwa hiyo mwenyewe akiiondoa pale, na kiungo hakina kitu tena. Nakala inabaki hata asipotaka.

Maneno kama “picha kutoka mtandaoni” au “hisani ya Google” hayamtaji mtu yeyote. Google haikupiga picha hiyo. Ni afadhali kunyamaza kuliko kuandika hivyo, na afadhali zaidi kutoiweka kabisa.

Kisheria picha au maandishi ni ya nani?

Ya aliyeyatengeneza, tangu anapomaliza kuyatengeneza. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao leo una nchi wanachama zaidi ya 180, unasema hakimiliki haidai kusajili wala kuandika alama yoyote. Kwa hiyo “sikuona alama ya hakimiliki” si utetezi.

Linalowashangaza wengi ni kwamba kwa kawaida picha ni ya aliyebonyeza kamera, si ya aliyepigwa. Ukitaka kuposti picha ya bibi harusi aliyoipiga mpiga picha wa kulipwa, ruhusa ya bibi harusi ni nusu ya safari.

Wapo wanaosema ukishaposti umeugawia mtandao haki zako. Masharti ya mitandao mikubwa huipa kampuni leseni ya kuonyesha kazi yako kwenye huduma yake, na umiliki unabaki kwako. Daniel Morel, mpiga picha wa Haiti, aliweka mtandaoni, kupitia akaunti yake ya Twitter, picha za tetemeko la ardhi la Januari 2010. Mtu mwingine akazinakili kana kwamba ni zake, shirika la habari la AFP likazichukua kutoka kwa huyo mwingine na kuzipeleka kwa Getty Images, wakala wa kuuza picha, zikaenea duniani na jina lisilo la Morel. Mahakamani AFP ilidai kwamba masharti ya Twitter yaliruhusu. Jaji alikataa, na Novemba 2013 baraza la wazee wa mahakama huko New York liliamua Morel alipwe takriban dola milioni 1.2. Tazama jinsi kosa lilivyopita mkono hadi mkono: aliyenakili kwanza ndiye aliyelipoteza jina la Morel, na waliofuata hawakuuliza.

Namwombaje mtu asiyenijua?

Kwa ufupi na kwa uwazi, kwenye inboksi. Kuomba kwenye komenti mbele ya kila mtu kunambana, kwa kuwa kukataa hadharani kunaonekana uchoyo. Mwambie wewe ni nani, unataka nini hasa, utakiweka wapi, utamtajaje, na kwamba akikataa hakuna neno. Mfano:

“Habari za leo. Samahani kwa kukusumbua. Naitwa (jina), naendesha ukurasa wa (jina la ukurasa). Nimeguswa na ulichoandika jana kuhusu kumuuguza mzazi. Naomba ruhusa yako niweke aya mbili za mwanzo kwenye ukurasa wetu pamoja na jina lako na kiungo cha chapisho lenyewe. Kama ungependa nisitaje jina, au usingependa kabisa, nitaheshimu. Asante sana.”

Umeona kwamba ombi limetaja aya zipi na ukurasa upi. “Naweza kutumia posti yako?” ni ombi ambalo mtu hawezi kulijibu vizuri, na akijibu “sawa” kila mmoja wenu atakuwa ameelewa lake. Hifadhi majibu. Kuna siku utaulizwa.

Hajajibu. Kimya si ndiyo ridhaa?

Hapana. Ujumbe kwa mtu asiyekufuata huangukia kwenye sehemu ya maombi ambayo wengi hawaifungui kwa wiki kadhaa. Kumbusha mara moja, kwa upole. Asipojibu, tumia kitufe cha kusambaza au weka kiungo na ueleze kwa maneno yako alichosema. Mara nyingi kiungo kingetosha tangu mwanzo.

Amekubali. Nina uhuru kiasi gani?

Kiasi kile kile alichokubali. Ruhusa ya kuweka kwenye ukurasa haikuruhusu kuchapa kwenye tangazo, kukata video ibaki sekunde za kilio, kuweka muziki wa kuchekesha, kutafsiri bila kusema kwamba umetafsiri, wala kupaka nembo yako juu ya picha yake. Hilo la mwisho ndilo linaloniudhi kuliko yote: ukurasa unafuta jina la mchoraji pembeni ya mchoro na kuweka la kwake. Ukihitaji kupunguza ili picha iingie, usikate pale lilipo jina.

Ruhusa inaweza pia kurudishwa. Akibadili mawazo baada ya mwezi, ondoa bila mabishano.

Kwenye picha kuna watu wengine. Aliyeposti akikubali inatosha?

Kwa umati wa mkutano au mchezo, kwa kawaida ndiyo. Kwa watu wanaotambulika wakiwa katika hali ya faragha, hapana. Ficha nyuso au tafuta picha nyingine. Unapoficha tumia kizibo cha rangi nzito badala ya ukungu mwepesi. Chunguza na vilivyomo nyuma: namba ya gari, namba ya nyumba, beji ya kazini, jina kwenye sare.

Picha za watoto nina msimamo mkali. Mzazi amwekee mwanawe mwenyewe, hiyo ni hiari yake. Wewe usiipeleke mbele, hata kama inachekesha, mpaka mzazi akubali waziwazi, na hata akikubali epuka jina kamili, shule na mahali anapokaa. Mtoto anayelia, aliye uchi au anayeadhibiwa hasambazwi, hata kwa nia ya kulaani anayemwadhibu. Ripoti kwa mtandao na kwa wanaohusika na ulinzi wa watoto. Kuipeleka kwa watu wengine elfu hakumwokoi.

Ujumbe wa grupu la WhatsApp je?

Grupu ni chumba, hata kikiwa na watu mia. Alichosema mtu humo amewaambia waliomo. Kukitoa nje kunahitaji ruhusa yake. Ya admini haitoshi, kwa kuwa admini anasimamia grupu na hamiliki maneno ya wanachama. Ujumbe wa sauti ndio hatari zaidi, maana sauti inatambulika hata bila jina.

Matangazo yaliyoandikwa ili yasambazwe ni habari nyingine: mkutano, ajira, mtu anayetafutwa. Hata hapo angalia tarehe. Wapo watoto waliopotea, wakapatikana, na bado picha zao zinazunguka miaka mingi baadaye.

WhatsApp yenyewe iliona tatizo la wepesi huu. Mwaka 2018 ilianza kuweka alama kwenye ujumbe uliofowadiwa, Januari 2019 ikaweka kikomo cha mazungumzo 5 kwa mara moja duniani kote, na Aprili 2020, ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi ukawa unapelekwa kwenye mazungumzo 1 tu kwa wakati. Baada ya hapo kampuni ilisema kusambaa kwa ujumbe wa aina hiyo kulipungua kwa asilimia 70. Ukiona mishale miwili juu ya ujumbe, ujue umezunguka sana na huenda aliyeuandika hajulikani tena.

Msiba, ajali na wagonjwa?

Subiri familia itangaze. Kuna watu waliojua kifo cha ndugu yao kupitia stori ya mtu baki. Familia ikishatangaza, sambaza tangazo lao kama lilivyo badala ya kuandika la kwako. Picha za majeruhi na miili usizisambaze kabisa.

Nataka kumpinga. Niombe ruhusa ya kumkosoa?

Hapana. Kiongozi, taasisi au mtu maarufu akitoa kauli hadharani, unainukuu na kuijadili. Mkataba wa Berne wenyewe, kifungu cha 10, unaruhusu kunukuu kazi iliyokwisha kutolewa hadharani, mradi nukuu isizidi inavyohitajika na utaje chanzo na jina la mwandishi. Nukuu sentensi kamili, usikate “lakini” yake.

Mtu wa kawaida aliyesema jambo la kipuuzi mbele ya wafuasi wachache ni suala jingine. Jadili hoja bila jina lake: “kuna hoja naiona ikizunguka kwamba…” Utashinda mjadala vile vile, na hakuna atakayekwenda kumtukana kwake. Mtandao wa Bluesky, Agosti 2024, uliwapa watumiaji uwezo wa kujitoa kwenye chapisho la mtu aliyewanukuu, kwa sababu kumnukuu mtu ili kundi limshambulie limekuwa mchezo wa kila siku.

Nimekuta posti ya uongo. Niisambaze ili kuwaonya watu?

Ukiisambaza kwa kitufe, unaipa nguvu. Ukiweka kiungo, unaipelekea wasomaji. Hapa lile swali la mwanzo linageuka: huhitaji kumlinda mwongo. Anza na ukweli, kisha taja uongo kwa kifupi, na ukilazimika kuonyesha picha yenyewe chora mstari mkubwa juu yake ili isiweze kukatwa na kusambazwa peke yake.

Na uonevu au utapeli? Mtapeli naye niombe ruhusa?

Mtapeli haombwi ruhusa. Wa kuombwa ni aliyetapeliwa. Skrinshoti ya mazungumzo yake ina namba yake, huzuni yake na pengine aibu yake. Muulize kama anataka yatoke, na jinsi gani. Hakikisha pia unayemwanika ndiye. Majina na picha za akaunti za kitapeli kwa kawaida zimeibwa kwa watu wasio na hatia.

Sijui nani mwenye kazi hii.

Tafuta kwa picha yenyewe kupitia TinEye au huduma ya Google ya kutafuta kwa picha, kisha kwenye TinEye panga matokeo uone la zamani zaidi. Ukiona akaunti ya kwanza ina maelezo mengi na picha nyingine za tukio hilo hilo, pengine umempata. Ukikosa, uliza wafuasi wako bila kuiposti picha yenyewe, au achana nayo.

Kuna kazi zilizoruhusiwa tangu mwanzo?

Zipo. Leseni za Creative Commons, zilizoanza kutolewa Desemba 2002, zinaeleza masharti mapema. BY inadai utaje jina, NC inakataza biashara, ND inakataza kubadilisha, SA inadai ukibadilisha uachie kwa leseni ile ile. CC0 ni kwamba mwenyewe amejitoa kwenye haki zake kadiri sheria inavyoruhusu. Soma herufi zote. Ukurasa unaouza bidhaa na ukatumia picha yenye NC umevunja leseni hata kama jina limetajwa.

Mteja ameisifu biashara yetu. Tunaweza kuisambaza?

Kwa kitufe, ndiyo. Kuigeuza tangazo, ombeni kwa maandishi, semeni itatumika muda gani, na ikiwa picha ni nzuri kiasi cha kuuzia bidhaa, basi ilipiwe. Kumtagi mtu na kuandika “tumeipenda hii!” si malipo. Baadhi ya kurasa huandika kwamba ukitumia alama-reli (hashtag) yao umekubali picha yako itumike. Wengi wanaoitumia hawajawahi kuona maandishi hayo, kwa hiyo ombeni tu.

Ameniambia niondoe, na mimi naona sijakosea.

Ondoa kwanza, jadilini baadaye. Mjibu: “Nimeondoa, samahani kwa usumbufu.” Usiposti malalamiko kwamba umeombwa kuondoa. Kama uliipeleka kwenye magrupu, rudi huko huko ufute na uwaombe wengine wafute. Isipokuwa tu pale kauli ni ya mwenye mamlaka, imetolewa hadharani, na umma una haki ya kuijua: hapo unaweza kuibakiza, ukiongeza kwamba ameifuta na lini.

Mtu amechukua yangu bila kuniuliza. Nianzie wapi?

Piga skrinshoti ya ukurasa wake ikionyesha tarehe na anwani, kabla hajafuta. Hiyo ni ya kumbukumbu zako. Kisha mwandikie inboksi ukimweleza unachotaka: aondoe, au aongeze jina lako na kiungo. Wengi huondoa siku hiyo hiyo. Akikaidi, tumia fomu ya malalamiko ya hakimiliki ya mtandao husika. Facebook, Instagram, YouTube, TikTok na X zote zinayo, na ni tofauti na kitufe cha kawaida cha kuripoti. Jaza kwa jina lako halisi na uweke kiungo cha chapisho lako la awali, na kama unayo picha yenyewe jinsi ilivyotoka kwenye kamera, itunze vizuri, kwa sababu yeye hana. Jua pia kwamba mlalamikiwa anaweza kuonyeshwa jina na mawasiliano uliyoyajaza, kwa hiyo anayehofia usalama wake amtafute wakili au mwakilishi alalamike kwa niaba yake.